Ustaarabu, Hongo na Deni la Maneno

Liko swali ambalo aghalabu huzuka darasani wakati wa somo la Kiswahili, na ambalo mwalimu hulipita upesi kwa kuwa kengele imekaribia kulia. Mwanafunzi amefungua kamusi kutafuta neno ustaarabu. Ameiona maana anayoijua, yaani adabu na maisha ya watu walioendelea. Kisha anaelezwa asili yake: neno hili limetoka katika kitenzi cha Kiarabu chenye maana ya kujifanya Mwarabu, au kufuata mwenendo wa Waarabu. Ndipo anapouliza: "Mwalimu, basi babu wa babu yangu, aliyelima mtama na kufuga ng'ombe kule Ugogo, hakuwa mstaarabu?"

Sisi twaona kuwa swali hili si la sarufi, wala si la historia peke yake. Ni swali la haki. Mtoto huyu anataka kujua kama mtu atumiaye neno hurithi pia deni la wale waliolitunga, na kama kwa kulitamka tu amewatukana wazee wake bila kukusudia.

Kabla ustaarabu haujashika nafasi, watu wa mwambao walikuwa na neno jingine la kusifia mwenendo bora, nalo ni uungwana. Muungwana alikuwa mtu aliyezaliwa huru, mwenyeji wa mji, mwenye nasaba inayojulikana. Upole wake, mavazi yake na usemi wake wa taratibu vilihesabiwa kuwa matunda ya uhuru huo. Kwa hiyo sifa tuitoayo leo tukisema kuwa fulani ni muungwana, kwa maana kwamba hasemi ovyo wala hamdhulumu mtu, zamani ilisimama juu ya mgongo wa mtu mwingine ambaye hakuruhusiwa kuitwa hivyo. Katika karne ya 19, utawala wa masultani wa Kiomani ulipoimarika Unguja, ndipo ustaarabu ulipozidi kupata nguvu kama kipimo cha heshima. Twaweza kusema kuwa kipimo kimoja cha kuwabagua watu kilipokezana zamu na kingine.

Lakini maneno hayakai pale yalipowekwa. Katika karne hiyo hiyo misafara ya pembe za ndovu ilitoka Bagamoyo, ikapita Ugogo na Tabora mpaka Ujiji, na kuvuka Ziwa Tanganyika hadi Manyema. Wapagazi na walinzi waliotoka pwani walijiita waungwana. Miongoni mwao walikuwamo watu ambao huko Unguja walikuwa watumwa, au watumwa walioachwa huru. Bara hapakuwa na mtu wa kuwauliza nasaba zao, nao wakalitwaa neno walilonyimwa nyumbani. Hata Kiswahili kilichoenea Kongo ya mashariki kikaitwa Kingwana, yaani lugha ya waungwana, kwa kuwafuata watu ambao baadhi yao hawakuwa huru hata kidogo. Tukiwa wanafunzi wa maneno twapendezwa na kisa hiki. Tukiwa wanafunzi wa haki yatupasa kwenda mbele kidogo, kwa maana waungwana hao hao waliwaita wenyeji washenzi, na misafara yao mara nyingi ilirudi pwani na watu waliotekwa au kununuliwa. Aliyedhulumiwa alijipatia jina jema, kisha akamgawia mwenzake lililo baya.

Neno uhuru nalo limetoka huko huko. Katika Kiarabu hurr ni mtu asiye mtumwa, na kwa muda mrefu huku kwetu neno huru lilikuwa la hukumu na hati: bwana alimwacha mtumwa wake huru mbele ya mashahidi. Utumwa ulifutwa kisheria Unguja mwaka 1897, na Tanganyika mwaka 1922. Wapigania ukombozi walipolitangaza neno uhuru katika mikutano ya hadhara ya miaka ya 1950, hawakuwa wakiomba hati ya bwana mmoja kwa mtumwa mmoja. Walilipanua mpaka likaenea nchi nzima, na hakuna aliyesimama mkutanoni kulikataa kwa sababu mzizi wake ulikuwa wa Kiarabu.

Wala tusidhani kwamba maneno ya Kibantu yamezaliwa bila madoa. Kitenzi tuma kimetuzalia mtume, mtumwa na mtumishi. Wa kwanza ametumwa na Mungu, wa pili hutumwa na mwanadamu mwenzake apende asipende, na wa tatu ametumwa na sisi wananchi, ingawa wako wanaosahau jambo hilo wakishakalia kiti cha ofisi.

Sasa na turudi Ugogo, kwa maana huko ndiko liliko jibu. Misafara iliyopita katika nchi ile kavu ilihitaji maji na chakula, na watemi wa Kigogo waliitoza ada kabla ya kuiruhusu kuteka maji na kupita. Ada hiyo iliitwa hongo. Haikutolewa kwa siri. Ilijadiliwa mchana kweupe, pengine kwa siku kadhaa, ikalipwa kwa nguo, shanga na nyaya. Ilikuwa ushuru wa wenye nchi. Leo hongo ni fedha inayopita chini ya meza ili haki ya mtu mmoja ipewe mwingine. Tumfikirie karani aliyekamatwa nayo, akajitetea mbele ya hakimu kwamba neno hili kwa asili lilikuwa na heshima. Hakuna atakayemsikiliza, na ni haki asisikilizwe. Basi ikiwa asili njema haiwezi kumsafisha mla hongo wa leo, kwa nini asili mbaya imtie doa mtu anayemwita jirani yake mstaarabu kwa sababu alimpisha mgonjwa kwenye foleni?

Hapa wako watakaotuuliza kuhusu neno mshenzi. Sisi hatulitetei. Kosa lake halimo katika mzizi, bali katika kazi linayoifanya hata sasa: humtoa mtu katika hesabu ya watu, kama lilivyofanya katika njia ya misafara. Ustaarabu umeacha kazi yake ya zamani, mshenzi hajaacha.

Wako pia wapendekezao ustaarabu ufutwe, na mahali pake litumike neno utu. Hatukubaliani nao. Utu ni wa kila mtu, hata mkorofi, na ndiyo sababu hata mfungwa hapaswi kupigwa. Neno hilo tukilifanya sifa ya wenye mwenendo mzuri, tutakuwa tumemnyang'anya asiye nao kitu alichozaliwa nacho.

Hata hivyo, hatuoni kuwa mwalimu afanye vema akiificha asili ya neno ili asiwaumize watoto. Atakayefichwa ataipata njiani, tena ikiwa imetiwa chumvi. Mwalimu na aseme kweli, na ajihadhari na asili za kubuni, maana ziko nyingi na ni tamu masikioni. Neno kufanana na jingine si ushahidi wa undugu.

Yule mwanafunzi basi ajibiwe kwamba babu wa babu yake hakulijua neno ustaarabu, wala hakulihitaji, kwa sababu alikuwa na lake. Kiswahili kimezoea kwenda bara kutafuta maneno: ikulu ni neno la Wanyamwezi na Wasukuma, nalo lilikuwa makao ya mtemi, kitivo cha chuo kikuu kimetoka katika lugha za milima ya Upare na Usambaa, ambako ni ardhi yenye rutuba. Mwanafunzi akirudi nyumbani likizo, amwulize bibi yake Wagogo walimwitaje mtu wa mwenendo mwema, na kwa matendo gani alistahili kuitwa hivyo. Shule ikifunguliwa, aliandike ubaoni.