Mali ya Bima Ina Wenyewe

Yuko Mkristu ambaye hathubutu kugusa kuku wa jirani yake, wala kuchukua senti katika kikapu cha sadaka. Lakini mtu huyo huyo, gari lake likivunjika taa, humwomba fundi wa gereji aandike taa, boneti na rejeta. Ukimwuliza, hujibu kwamba hakumwibia mtu, maana kampuni ya bima ni tajiri. Jibu hilo twalisikia mara nyingi, tena kwa watu wanaohudhuria Misa kila Dominika. Kwa hiyo twaona yafaa kulichungua leo.

Kwanza yatupasa kujua bima ni nini. Tuseme nyumba 100 za kijiji zimepatana kuchanga shilingi 5,000 kila moja kwa mwaka, ili asaidiwe yule ambaye nyumba yake itaungua. Mfuko una shilingi 500,000. Mmoja akidanganya na kupewa 200,000, aliyeunguliwa kweli atakuta 300,000 tu. Ama sivyo, mwakani kila nyumba itatakiwa kutoa shilingi 7,000. Kampuni za bima zina hesabu kubwa kuliko hiyo, nazo zatafuta faida. Lakini fidia wanayolipa hutoka katika ada za watu wengi. Mwenye kudanganya amewaibia watu hao, ijapokuwa hajui majina yao.

Hila zenyewe ni nyingi. Ya kwanza ni hiyo ya kuongeza hasara. Fundi huandika bei ya vipuri visivyoharibika, mkadiria hasara hupewa chochote ili atie sahihi, kisha wote watatu hugawana. Ya pili ni kuifanya hasara yenyewe: mfanyabiashara aliyelemewa na madeni huhamisha bidhaa usiku, kisha duka huwaka moto. Moto huo waweza kuwafikia watoto waliolala nyumba ya pili. Ya tatu ni kukata bima baada ya ajali, na kumshawishi wakala aandike tarehe ya nyuma.

Ya nne hufanywa na wakala mwenyewe, au mtu ajifanyaye wakala. Hupokea ada, huitia mfukoni, akatoa stika ya bandia. Katika Tanzania sheria yamlazimu kila mwenye gari kuwa na bima, walau ile tuiitayo bima ndogo, ili mtu mwingine atakayegongwa apate kulipwa. Basi, mfikirieni mama auzaye ndizi kando ya barabara, akavunjwa mguu na daladala. Stika ipo, lakini hakuna kampuni inayoitambua. Nani atalipa hospitali? Nani atawalisha watoto wake hata apone? Kila mwenye chombo ahakiki stika yake katika mtandao wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima. Na yule anayenunua stika ya bandia kwa kujua, kwa sababu bei yake ni nafuu, ni mshiriki wa dhambi ile ile.

Ya tano ni ya bima ya afya. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ulianzishwa kwa sheria ya mwaka 1999, ukaanza kazi mwaka 2001. Katika mifuko ya namna hii, wako watoa huduma wanaoandika vipimo ambavyo mgonjwa hakupimwa, naye hutia sahihi fomu asiyoisoma. Wako wanaotoa sabuni dirishani, wakaandika dawa. Tena wako wanaoazimana kadi.

Juu ya kuazimana kadi twataka kusema kwa upole, maana wengi hufanya hivyo kwa huruma. Shemeji ni mgonjwa, hana kadi, na fedha haipo. Twaijua shida hiyo, wala hatuicheki. Lakini ugonjwa wa shemeji huandikwa katika habari za mwenye kadi, na siku moja daktari aweza kumtibu huyu kwa kufuata maradhi ya yule. Tena huruma inayolipwa kwa mali ya wengine, bila wao kujua, haijawa sadaka. Ndugu wachange, jumuiya ndogo ndogo iarifiwe, parokia iombwe. Jumuiya inayosali rozari pamoja na kushindwa kumchangia mgonjwa wake, nayo ijiulize.

Hatuwasahau wenye kampuni. Mwenye kumzungusha mjane miezi na miezi, au kumnyima fidia kwa sharti ambalo hakuelezwa alipolipa ada, naye amevunja haki. Hata hivyo kosa lake halitupi sisi ruhusa ya kusema uongo.

Kanisa lafundisha wazi. Katekisimu ya mwaka 1992, katika namba 2409, yahesabu kughushi hundi na hati za malipo pamoja na makosa dhidi ya Amri ya Saba. Na namba 2412 yakumbusha kwamba mali iliyoibwa hurudishwa. Zakayo hakutosheka kumkaribisha Bwana mezani. Aliahidi kurudisha mara nne. Kwa hiyo asidhani mtu kwamba ataungama na kubaki na fedha. Kama dai halijalipwa, aliondoe. Kama limelipwa, arudishe yote, au kidogo kidogo kadiri awezavyo. Asiyejua njia ya kurudisha amwulize padre katika kitubio, naye atamwelekeza bila kumfedhehesha.

Labda msomaji mmoja wa ukurasa huu ana fomu mezani, imekwisha andikwa, yangoja sahihi tu. Tunamsihi aisome tena leo jioni, afute kila kisichokuwa kweli, kisha ndipo atie jina lake, lile alilopewa siku ya Ubatizo.