Kukaa Kimya Ni Kudanganya?

Katika mikataba mingi ya kuuziana magari yaliyotumika hapa Dar es Salaam utakuta maneno mawili: "kama lilivyo". Mnunuzi amelikagua gari, ameridhika, amelichukua kama lilivyo. Wengi tunasaini bila kuyatazama mara mbili, kwa sababu wakati huo macho yako kwenye funguo. Lakini ndani ya maneno hayo kuna swali ambalo watu wamebishana juu yake kwa zaidi ya miaka 2,000: muuzaji anayejua ubovu wa kitu chake akanyamaza, amemdanganya mnunuzi? Au amenyamaza tu, na kunyamaza si kosa?

Mwaka huu swali hili limenigusa mfukoni. Nilinunua gari la otomatiki kwenye yadi moja hapa mjini. Nilikwenda na fundi. Tulipewa nafasi ya kulizungusha mtaani asubuhi, kama dakika kumi, injini ikiwa bado ya baridi. Fundi alitaka tutoke hadi barabara kuu lipate moto, kijana wa mauzo akasema haruhusiwi kwenda mbali. Siku ya 11, mchana wa jua kali kwenye foleni ya Ubungo, nikakanyaga mafuta, injini ikanguruma, gari likabaki palepale. Kisha likashika gia kwa kishindo. Lilipopoa likawa zima tena, kana kwamba hakuna kilichotokea.

Fundi alinieleza hivi: kwenye gia boksi ya otomatiki kuna sahani nyembamba zinazobanwa kwa presha ya oili. Sahani zikilika, au presha ikivuja, zinateleza. Oili ikiwa ya baridi ni nzito, haivuji kirahisi, na ubovu unajificha. Ikipata moto inakuwa nyepesi, ndipo gari linaanza kusema ukweli. Alipofungua alikuta oili mpya, nyekundu safi, lakini chini kabisa kumetuama masizi meusi ya sahani zilizolika.

Nilirudi yadi. Jibu nililopewa lilikuwa la heshima na bila wasiwasi. "Kaka, hii ni mtumba, siyo gari mpya. Ulikuja na fundi wako, mkaangalia, ukasaini. Kuna mahali nilikwambia gia boksi ni nzima? Hukuniuliza." Na kweli, nikipitia mazungumzo yetu yote, sioni uongo hata mmoja. Alisifia rangi, viti na redio. Kuhusu gia boksi hakusema neno.

Cicero, mwanasheria na mwandishi wa Roma, aliliandika swali hilihili mwaka 44 kabla ya Kristo, katika kitabu chake kuhusu wajibu. Alitoa mfano wa mtu anayeuza nyumba yenye kasoro ambazo yeye peke yake anazijua. Kisha akawaweka wanafalsafa wawili wa Kistoiki wabishane. Diogenes wa Babeli anamtetea muuzaji: hakumlazimisha mtu, na kutosema jambo si sawa na kulificha. Antipater, mwanafunzi wake, anakataa: kumwacha mnunuzi aingie kwenye hasara huku unamtazama ni kama kumwona mtu amepotea njia usimwelekeze, tena ni kubaya zaidi, kwa sababu hapa unamwingiza mwenzako kwenye kosa huku ukijua. Cicero mwenyewe anaegemea kwa Antipater. Kwake, kuficha ni pale unapotaka, kwa faida yako, mtu anayehitaji kujua asijue.

Nayaona haya yakiwa karibu sana na yadi zetu. Kijana wa mauzo ni Diogenes mtupu, hata kama hajawahi kumsikia.

Sheria nayo haiko upande mmoja. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, ambayo Tanzania na Kenya zote ziliipata kutoka kwa Waingereza, inaanzia kwenye msimamo kwamba mnunuzi ajihadhari. Lakini ndani yake kuna ulinzi: ukinunua kwa mfanyabiashara wa bidhaa za aina hiyo, inachukuliwa kwamba bidhaa inafaa kuuzwa sokoni, isipokuwa kwa kasoro ambazo ukaguzi wako ulipaswa kuziona. Hapo ndipo penye ubishi: je, ukaguzi wa dakika kumi, gari likiwa baridi, ulipaswa kuona ubovu unaotokea gari likiwa la moto? Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 nayo inakataza mwenendo wa kupotosha katika biashara. Lakini kesi inataka muda na hela, na wenye magari mabovu kwa kawaida hawana vyote viwili.

Kwenye pwani yetu kuna mafundisho ya zamani zaidi ya mahakama za Waingereza. Katika fikihi ya Kiislamu, mnunuzi aliyekuta kasoro ya zamani ambayo hakuambiwa ana hiari ya kurudisha kitu. Inasimuliwa kwamba Mtume alipita sokoni, akaingiza mkono kwenye rundo la nafaka, akakuta chini ni mbichi. Mwenye mali akasema imenyeshewa na mvua. Akaulizwa kwa nini asingeiweka juu watu waione. Mtu yule hakutamka uongo wowote. Alipanga rundo tu. Neno la Kiarabu linalotumika kwa kasoro hiyo ya bidhaa ndilo lililotupa sisi neno "aibu". Kiswahili kimeliondoa kwenye bidhaa kikalipeleka kwa mtu, nami naona hakikukosea sana.

Mtu atasema: lakini biashara yenyewe ni siri. Mimi nilipokuwa nikipatana bei sikumwambia muuzaji kwamba nina milioni moja zaidi mfukoni. Nilimficha pia, sivyo? Hoja ni nzuri. Ila naona siri ni za aina mbili. Kuna siri ya mfuko na kuna siri ya kitu. Siri ya mfuko kila mmoja anajua mwenzake anayo, na kupatana bei ni mchezo wa kuitafuta. Siri ya kitu haina mchezo, kwa sababu ni mmoja tu anayejua kwamba ipo. Mwingine anadhani mnauziana gari, kumbe anauziwa mbuzi kwenye gunia.

Na hasara haiishii kwa mtu mmoja. Mchumi wa Marekani George Akerlof alionyesha mwaka 1970, kwa mfano huuhuu wa magari yaliyotumika, kwamba mnunuzi asipoweza kutofautisha gari zima na bovu, hatakubali kulipa bei ya gari zima. Basi mwenye gari zima analiondoa sokoni, mabovu yanabaki, na bei inazidi kushuka. Mwaka 2001 alikuwa mmoja wa watatu waliopewa Tuzo ya Nobel ya uchumi kwa kazi ya namna hiyo. Kwa lugha ya mtaani: kila anayenyamaza anamfanya muuzaji mkweli aonekane tapeli.

Sasa shemeji yangu, mtu ninayemheshimu, amenipa ushauri. "Shem, usijitese na kesi. Mwaga oili, weka mpya, mwite mteja saa moja asubuhi. Na wewe ulifanyiwa hivyohivyo." Kutengeneza ni shilingi milioni 2.8, na ada ya shule ya watoto iko mlangoni. Siwezi kusema ushauri huo haunishawishi. Nikikaa nao usiku, nagundua kwamba pengine aliyeniuzia naye aliuziwa hivihivi, na kabla yake mwingine. Kila mmoja kwenye mnyororo ni mtu aliyeonewa, na kila mmoja alitumia kuonewa kwake kama ruhusa.

Nimejitengenezea kipimo kimoja. Mteja akiwa kwenye usukani, je, ninatamani aendeshe kilometa moja zaidi, au ninaomba moyoni arudi haraka? Nikiomba arudi, basi ninaficha, hata kama sijafungua mdomo. Kipimo hiki kinamfaa hata yule wa yadi. Inawezekana hakuijua gia boksi ile kwa undani. Lakini alijua kwamba barabara kuu ingetuambia kitu, na akatuzuia kufika huko. Kutojua si kosa. Kupanga mambo ili mwingine asijue, hilo ni tendo, na mtu anawajibika kwa tendo lake.

Tangazo langu nimeshaliandika: gia boksi inateleza ikipata moto, makadirio ya fundi yapo, bei imepunguzwa. Wiki mbili sasa, aliyepiga simu ni mmoja. Aliuliza kama kweli ubovu ni huo tu, kwa sababu hajazoea kuambiwa.