Pampu Inalia, Maji Hayaji

Maandiko: Yeremia 2:13, 1 Wafalme 19:4-8, Mathayo 5:23-24, Hagai 1:6

Kwa wale ambao hamkuwa nasi Jumapili, na kwa wale walioomba walisome tena polepole, hili ndilo somo.

Sisi watu wa Nkubu tunajua maji. Mlima uko hapo juu yetu, Thingithu inateremka, na bado kuna nyumba ambazo mama anafungua mfereji asubuhi anasikia hewa tu. Na kuna Mkristo ambaye maisha yake ya rohoni yako hivyo hivyo. Anaomba. Anafunga. Kesha ya Ijumaa hakosi. Lakini ndani ni kukavu. Pampu inalia, maji hayaji.

Mtu akifika hapo, shetani humletea njia mbili. Ya kwanza ni kuzima mashine kabisa, aseme wokovu haufanyi kazi. Ya pili ni kununua pampu mpya. Anahama kanisa, anamtafuta nabii, analipa mafuta ya upako. Mama mmoja katika ushirika wetu, ambaye ameniruhusu nimtaje bila jina, aliuza ng'ombe wa maziwa akapeleka pesa kwa mtu aliyemwambia madhabahu yake imekufa. Ng'ombe ameenda, na ukavu uko pale pale. Ndiyo maana nimelibeba somo hili kwa uzito.

Tuna ndugu hapa kanisani aliyefanya kazi miaka kadhaa Mtwapa, akitengeneza mabomba ya boti ndogo. Nilimwomba anieleze. Akasema, Mchungaji, boti hubeba maji yake matamu kwenye tangi. Kuna pampu ndogo ya betri, volti 12. Ukifungua mfereji, presha kwenye bomba inashuka na swichi inaiwasha pampu. Ukifunga, presha inapanda na pampu inazima. Ikiharibika mkiwa baharini si jambo dogo, kwa sababu maji mliyozungukwa nayo ni ya chumvi, na ukiyanywa unazidisha kiu.

Nikamuuliza, sasa wewe unaanza kwa kufungua pampu? Akacheka. Akasema, hapana, naanza kwa kusikiliza. Pampu yenyewe itakuambia inaumwa wapi. Akanipa milio mitatu, nami nawapa nyinyi.

1. Pampu iliyonyamaza

Umefungua mfereji, kimya. Hapo fundi hafikirii maji kwanza, anafikiria umeme. Anaangalia betri, anaangalia fyuzi, anaangalia zile ncha za waya ambazo hewa ya chumvi imezifanya kijani kwa kutu. Anazisugua, anazikaza. Na kama fyuzi imeungua, anauliza iliungua kwa nini, kwa sababu fyuzi imewekwa ikatike ili waya usishike moto. Mtu mwenye haraka huondoa fyuzi akaweka kipande cha waya. Pampu inaamka, na baadaye boti inaungua.

Mwangalieni Eliya. Ametoka Karmeli kwenye ushindi, sasa amelala chini ya mti anaomba kufa. Je, Mungu alimtuma malaika amkemee? La. Malaika alimgusa, akampa mkate na maji, akamwacha alale tena, akamwamsha mara ya pili ale tena, kwa kuwa safari ilikuwa ndefu kuliko nguvu zake.

Kuna mtu hapa amenyamaza kwa sababu amechoka. Umeuguza mzazi miezi na miezi. Umezika. Unaamka saa kumi kwenda kuchuma chai na usiku unasaidia watoto na vitabu. Usiruhusu mtu akuwekee kipande cha waya kwa kukupigia kelele kwamba huna imani. Kula. Lala. Mwambie dada mmoja akushike mkono. Fyuzi ikikatika, si dhambi. Ni Mungu alikuumba hivyo usiungue.

2. Pampu inayolia bila maji

Hii ndiyo ya watu wengi. Umeme uko, mota inazunguka, mfereji unakohoa hewa. Fundi anafuata njia ya maji kuanzia mwanzo. Tangi lina maji? Usicheke, mara nyingi tangi liko tupu na watu wamekwisha kufungua pampu. Yeremia anasema Mungu aliwalaumu watu wake kwa hilo hilo: wamemwacha yeye aliye chemchemi, wakategemea visima vya kuchimba wenyewe, vyenye nyufa. Swali la kwanza, mpendwa: unavuta kutoka wapi? Kama ni sifa za watu, au kelele za spika, tangi hilo halina kitu.

Tangi likiwa na maji, anafungua chujio. Uchafu mdogo mdogo ukijaa pale, maji hayapiti. Anaosha, anarudisha.

Bado hakuna maji? Sasa anatafuta hewa. Na hapa naomba mnisikilize vizuri. Bomba likitoboka baada ya pampu, utaliona, maji yatamwagika. Lakini likilegea kabla ya pampu, upande wa kuvuta, hutaona hata tone. Haliachi maji yatoke, linaingiza hewa. Nje ni pakavu kabisa, na pampu haivuti.

Kwa nini hewa kidogo ina nguvu hivyo? Kwa sababu pampu, kusema kweli, haiyavuti maji. Inatengeneza nafasi tupu, halafu uzito wa hewa iliyo nje ndio unaoyasukuma maji yajaze nafasi hiyo. Ndiyo maana ukiiweka pampu juu ya kisima, hata iwe ya bei gani, pale usawa wa bahari haitapandisha maji zaidi ya mita 10 hivi, na mafundi huhesabu 7. Huku kwetu mlimani, ambako hewa ni nyepesi, ni pungufu ya hapo. Wenye pampu za petroli za kumwagilia kutoka mtoni mnalijua hilo. Basi hata maombi yako hayamvuti Mungu kwa nguvu zako. Yanampa nafasi, na yeye anajaza. Lakini kama pana pengo la siri, nafasi hiyo inajazwa na kitu kingine kabla yake.

Yesu alisema ukiwa madhabahuni na sadaka yako, ukumbuke kwamba ndugu yako ana neno juu yako, uiache sadaka hapo hapo uende mpatane kwanza. Hakusema uongeze sadaka. Yule mama aliyeuza ng'ombe ana shemeji ambaye hawajasalimiana tangu mambo ya mpaka wa shamba yaanze. Wanaishi boma mbili zinazoonana. Hakuna aliyepigana, hakuna aliyetukana hadharani, nje ni pakavu. Yeye mwenyewe ndiye aliyeniambia, Mchungaji, nadhani hewa inaingilia pale. Wiki hii wazee wawili wanakwenda naye. Muwaombee, kwa sababu mambo ya mashamba huku kwetu mnayajua, na shemeji anaweza kuwafukuza.

Fundi anasema mara nyingi tiba ni bisibisi na kukaza klipu robo mzunguko. Ni kazi ndogo, lakini lazima uinamie mahali penye giza upapase kwa mkono. Na usikawie, kwa sababu pampu nyingi zikizunguka kavu muda mrefu huungua sili. Kupiga kelele miaka mingi bila maji kunaharibu moyo. Nimeona watu.

3. Pampu inayolia usiku

Mifereji yote imefungwa, watu wamelala, na pampu inalia kidogo, inanyamaza, baada ya muda inalia tena. Huyo fundi akisikia hivyo haendelei kulala. Yawezekana maji yanarudi nyuma kwenye vali ya pampu. Au kuna mahali yanavuja, yanaingia chini kabisa ya boti, mahali watu wa pwani wanapaita ngama. Kukikucha tangi limekwisha na hakuna aliyekunywa.

Nabii Hagai aliwaona watu wanaopata mshahara wakautia kwenye mfuko uliotoboka. Wapendwa, bonasi ya chai inaingia. Tunamshukuru Mungu. Inafika nyumbani? Au imeishia kwenye simu, kijana anabeti usiku blanketi likiwa kichwani? Au imeishia klabu, Nkubu hapo hapo stendi? Na neema nayo inavuja. Umetoka ibadani umejaa, ukifika kwenye geti umeanza kumsema dada aliyeimba. Mungu anajaza, na wewe unamwaga. Usiombe tangi kubwa zaidi kabla hujatafuta panapovuja.

Sasa tufanye nini wiki hii? Kabla hujahama kanisa, kabla hujauza kitu chochote, kaa kimya dakika kumi usikilize. Kama umenyamaza, pumzika na utafute mtu wa kukushika mkono. Kama unalia bila maji, chunguza tangi, chujio, kisha hewa, kwa mpangilio huo, na jina la mtu likija akilini, usilifukuze. Kama unalia usiku, mwambie mume wako, au mke wako, au mzee mmoja wa kanisa, ukweli wa pesa. Na yeyote atakayekudai malipo ili akufungulie maji ya Mungu, mwambie kwamba yule mwanamke wa Samaria hakulipa kitu pale kisimani.

Tuombe. Bwana Yesu, wewe ndiwe chemchemi na hujakauka. Tuonyeshe mahali palipolegea, utupe mkono wa kupakaza. Mwonekanie dada yetu na shemeji yake. Rudisha maji katika nyumba zetu. Amina.