Waya wa Kurudi

Somo: Luka 17:11–19



Mashua ya mota ituchukuayo visiwani katika Ziwa Viktoria ni ya zamani, umri wake wapata miaka 25. Usiku mmoja tulikuwa tukimvusha mama mwenye utungu wa kuzaa, kumpeleka hospitalini Bukoba, maji yakaanza kujaa ngamani. Pampu ikawashwa, ikanung'unika kama mgonjwa, wala haikutoa maji. Taa ya omo nayo ikafifia. Tukateka maji kwa ndoo hata alfajiri. Mungu akatufikisha, na mtoto akazaliwa salama.

Walakini nalimkasirikia nahodha. Nalisema mbele ya watu ya kwamba ameacha taa zikiwaka mchana hata betri ikaisha nguvu. Mzee yule hakujibu neno. Tukatwaa fedha za sadaka, tukanunua betri mpya. Wala pampu haikupata nguvu.

Ndipo tulipomwita fundi, kijana wa usharika wetu. Akapima betri: volti 12.6, nayo ni nzima. Akapima waya penye pampu, pampu ikiwa imezimwa: 12.6 vilevile. Nikasema, "Basi nyaya hazina kosa." Akanijibu, "Baba Mchungaji, waya usiochukua mzigo husema vema siku zote. Umeme usipopita, hakuna kitakachopotea njiani." Akawasha pampu. Sasa betri ilionyesha 12.3, na penye pampu 9.1 tu. Volti 3.2 zimepotea njiani, hali kwa pampu ya namna ile haifai zipotee kupita 0.36, yaani sehemu 3 katika 100.

Akazitafuta. Pampu ikiwa ingali inawaka, aliweka ncha moja ya kipimo kwenye kichwa chanya cha betri, na ya pili kwenye waya chanya wa pampu: 0.2. Njia ya kwenda ilikuwa njema. Kisha akapima vivyo hivyo upande wa hasi, yaani waya wa kurudi betrini: 3.0. Akaufuata waya ule hata kiungo kilichofichwa chini ya sakafu, akakipasua. Nje mpira ulikuwa mzima. Ndani shaba imekuwa unga wa kijani. Akatia waya mpya, mnene, wa shaba iliyopakwa bati, akasugua vichwa vya betri, akapaka grisi. Pampu ikatapika maji kwa nguvu.

Wapendwa, naliyafikiri mambo hayo siku nyingi.

Siku ya Jumapili, tuketipo kanisani, sote tu kama waya usio na mzigo. Lakini ajapo mgonjwa wa miezi mingi nyumbani, au deni, au msiba, ndipo ijulikanapo nguvu yetu hupotelea wapi. Mzigo hauleti ubovu. Huuonyesha mahali ulipo. Kwa hiyo tusimnung'unikie Mungu tukipimwa.

Tena, umeme hauendi pasipo njia ya kurudi. Wale wakoma kumi walipaza sauti wote kuomba, nao wote wakatakaswa. Aliyerudi kushukuru ni mmoja, naye Msamaria. Sisi nasi huzitunza sana sala za kuomba. Shukrani, toba, na kupatana na ndugu tuliyemkosea huoza chini ya sakafu, mahali pasipoonekana. Kisha twasema ya kwamba nguvu za Mungu zimepungua, tukakimbilia usharika mwingine au mwombezi mpya. Tumenunua betri, na kiungo kibovu kipo palepale.

Kiungo changu mimi kilikuwa kwa mzee yule. Nalihubiri majuma mengi nisirudi kwake. Basi nalikwenda, nikasimama mbele ya watu walewale, nikasema, "Mzee wangu, nalikukosea. Unisamehe." Akanishika mkono, akasema, "Nimekwisha kukusamehe, Mchungaji. Nalikuwa nikingoja upime."

Nanyi walimu wa dini, mkimwona Mkristo aliyefifia, msimhukumu upesi kama nilivyofanya mimi. Ketini naye wakati mzigo ungali juu yake, mkaifuate njia yote, ya kwenda na ya kurudi. Kwanza lakini kila mmoja aanze na sakafu ya nyumba yake.

Bwana aturudishe kwake. Amina.