Kama Hakuna Aliyeumia, Je, Si Dhambi?



Siku moja nilisafiri kwa basi kutoka Sumbawanga, tukiteremka Lyamba lya Mfipa kwenda bondeni. Karibu na dereva palikuwa na mtungi wa kuzimia moto, nao ulifungiwa kadi yenye saini kwamba umekaguliwa. Lakini mshale wake ulilala penye alama nyekundu, maana yake mtungi haukuwa na nguvu tena. Nikamwonyesha utingo. Akacheka, akasema, "Huo ni wa kuonyesha trafiki, mzee." Tukafika salama, tukamshukuru Mungu, kila mtu akashika njia yake.

Tangu siku ile nimejiuliza: aliyetia saini kadi ile alitenda dhambi, au la? Moto haukuwaka, wala hakuna aliyeungua. Wengine husema, pasipo madhara hapana kosa.

Tutazame jambo lililotokea katika ndege, maana huko kila kazi ya fundi huandikwa na kutiwa saini. Tarehe 11 Mei 1996, ndege ya kampuni ya ValuJet iliruka kutoka Miami, Marekani, kwenda Atlanta. Baada ya dakika chache ilishika moto ikaanguka katika vinamasi vya Florida, na watu wote 110 waliokuwamo wakafa.

Chanzo chake chasikitisha. Katika ndege nyingi huwekwa vyombo vidogo vya kutoa oksijeni, ili hewa ikipungua abiria waweze kupumua. Chombo hicho kikifyatuka hupata joto kali mno. Kwa hiyo kikiondolewa kabla hakijatumika, yapasa kivishwe kifuniko cha plastiki kisije kikafyatuka. Mafundi wa karakana moja waliondoa vyombo vilivyopitwa na muda katika ndege nyingine. Vifuniko havikuwapo karakanani, lakini kadi zilitiwa saini kwamba vimewekwa. Vyombo vikatiwa katika masanduku matano, vikaandikiwa kwamba ni vitupu, vikapakiwa katika ndege ile. Kilichotengenezwa kulinda pumzi za watu ndicho kilichozikata.

Sasa tufikiri juu ya mafundi wawili waliotia saini ya uongo ule ule, siku ile ile. Sanduku la mmoja lasahauliwa ghalani. La mwenzake lapakiwa katika ndege. Wa kwanza atalala usingizi, wa pili atalia maisha yake yote. Je, mioyo yao ilitofautiana walipoishika kalamu? Hapana. Majuto ya wa pili ni mazito zaidi, lakini kosa ni moja. Kilichowatenga ni bahati tu, na Mungu hapimi haki kwa bahati.

Tena, breki ikiharibika hupiga kelele. Vifaa vya dharura hunyamaza mpaka siku ya haja. Taa za wale wanawali kumi zilifanana zote, hadi ilipopigwa kelele usiku wa manane. Mlinzi wa pekee wa vifaa hivyo ni ukweli wa mtu anayetia saini. Saini ni ushahidi anaopewa msafiri asiyeweza kujionea mwenyewe.

Mtu atasema, fundi ana mkubwa wake, anaharakishwa, ana watoto wa kulisha. Ni kweli. Wachunguzi nao hawakuishia kwa mafundi. Waliwalaumu wenye karakana, kampuni ya ndege na idara ya serikali iliyosimamia usafiri wa anga. Hata hivyo, neno moja tu lilitosha katika kadi ile: "Havipo." Yamkini lingemkasirisha mkubwa, lakini watu wangepona.

Nasi je? Wachache wetu ni mafundi wa ndege, lakini sote tunashika kalamu. Mzee wa kanisa hukubali hesabu ya sadaka asiyoihesabu. Mdhamini hujibu kwa sauti kuu mbele ya maji ya ubatizo, kisha mtoto asimwone tena. Katika ungamo la Sala ya Asubuhi tunataja kwanza yale tuliyoacha kutenda, ndipo yale tuliyotenda vibaya. Mpango huo una hekima.

Basi, kabla ya kutia saini, tuangalie kwa macho yetu. Na kama kitu hakipo, tuwe na ujasiri wa kuandika: hakipo.