Dawa ya Mimea na Amana ya Ulimi



Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo:

Ndugu zangu wanafunzi, hapa Kinindo na kule Buyenzi simu zetu hazipumziki. Huja ujumbe kwamba habbat soda, mlonge au manjano humkinga mtu na mionzi, na kwamba mgonjwa wa saratani akinywa hayo hana haja tena ya hospitali. Mwisho huandikwa: "Watumie wengine upate thawabu." Nasi hutuma. Je, ni thawabu tunayoichuma, au ni dhima tunayojitwika?

Kwanza, tusikanushe neema. Surat an-Nahl, aya ya 69, inatufahamisha kwamba katika asali mna ponyo kwa watu. Habbat soda imesifiwa katika hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim. Wema waliotangulia waliyafanya hayo kuwa mlango wa utafiti. Ibn al-Baytar wa Málaga, aliyefariki mwaka 1248, alikusanya kitabuni mwake dawa na vyakula vipatavyo 1,400.

Sasa tulitazame jambo lenyewe. Mionzi ikipita mwilini huvunja maji yaliyomo ndani ya seli, na chembe kali zinazozaliwa hapo hushambulia vinasaba. Mimea mingi ina kemikali za kuzizima chembe hizo. Huko Manipal, India, watafiti waliwapa panya dondoo za mlonge na za tulsi, ndugu wa mrehani wetu, kabla ya kuwapiga mionzi, na madhara yakapungua.

Lakini panya si binadamu, na kukinga si kutibu. Tena ipo hatari: daktari wa mionzi anakusudia kuziua seli za saratani kwa uharibifu ule ule. Kinachozikinga seli nzima huenda kikazikinga na mbovu. Ndiyo maana mgonjwa huambiwa asitumie unga wala vidonge vya mimea siku za mionzi bila kumweleza daktari wake.

Hata asali imepimwa. Mwaka 2003 nchini Malaysia, wagonjwa 40 waliopigwa mionzi ya kichwa na shingo walifanyiwa majaribio, na waliopakwa asali mdomoni walipata vidonda vikali vichache zaidi. Majaribio mengine ya baadaye hayakuona nafuu hiyo. Hayo hayapunguzi heshima ya aya. Yanatufundisha kwamba kujua dawa ipi, kwa nani na kiasi gani ni elimu inayotafutwa kwa jasho.

Tukumbuke Loliondo, Tanzania, mwaka 2011. Maelfu walipanga foleni kijijini Samunge kunywa kikombe cha mti wa mugariga kwa shilingi 500. Miongoni mwao walikuwamo walioacha dawa za Ukimwi, na maradhi yakawarudia. Mti haukuwa na kosa. Kosa lilikuwa katika ndimi zilizoahidi zisichokijua.

Surat al-Israa, aya ya 36, inatukataza kufuata tusiyo na elimu nayo, kwa kuwa masikio, macho na moyo vitaulizwa. Na katika hadithi ya Abu Dawud, anayetibu watu bila kujulikana kwa utabibu hubeba dhamana ya madhara. Anayesambaza ushauri wa tiba asioujua na aiogope dhamana hiyo.

Basi kabla ya kutuma, tuulize mambo matatu: dawa hii imejaribiwa kwa watu au kwa panya tu? Inamtoa mgonjwa hospitalini? Daktari wake ameambiwa? Na shangazi akiwa safarini kwenda Dar es Salaam kutibiwa Ocean Road, tumchangie nauli, tumsindikize na tumuombee dua. Hiyo ndiyo thawabu isiyo na shaka.

Ewe Mola, waponye wagonjwa wetu, na utuhifadhi na madhara ya ndimi zetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.