Daftari la Nyanya

Mwezi wa Novemba, tunapowaombea marehemu wetu, namkumbuka nyanya yangu. Mchana alifundisha shule ya msingi, jioni aliuza dukani kwake. Kila usiku kabla ya Rozari, yeye na babu walihesabu pesa pamoja na kuandika daftarini. Siku moja pesa zilipungua. Babu alikuwa amemkopesha ndugu yake kwa siri. Nyanya hakumwaibisha mbele yetu. Alimsogezea kalamu, babu akaandika deni mwenyewe. Kisha wakasali.

Mtume Paulo aliikumbuka imani ya Loisi, nyanya yake Timotheo (2 Timotheo 1:5). Imani ya nyanya yangu niliiona katika daftari lile. Je, mwenzako anaujua mshahara wako? Leo, kabla ya sala, mwonyeshe.